Ripoti Inayohesabu Simu Zilizonaswa: Tathmini ya Mtumiaji wa Upande wa Utetezi

Kila mwaka Ofisi ya Utawala ya Mahakama za Marekani huweka kwenye tovuti yake, uscourts.gov, ripoti inayohesabu amri ambazo majaji wa shirikisho na wa majimbo walitoa kuwaruhusu wapelelezi kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu katika kesi za jinai. Huduma hii haina malipo wala usajili, na matoleo yake yamo mtandaoni tangu lile la mwaka 1997. Mimi huifungua kwa sababu ya kazi: ni mkalimani na mfasiri wa Kiswahili, ninaandika kwenye karatasi yale yaliyosemwa katika simu zilizonaswa, mara nyingi kwa niaba ya mawakili wa utetezi, na wakili anayetaka kupinga kibali cha unasaji huanza kwa kuuliza maswali ambayo ripoti hii inaonekana kana kwamba iliandikwa ili kuyajibu. Inaonekana tu. Ningetakiwa kuipa nyota, ningeipa tatu kati ya tano, na mbili zilizopungua hazihusiani sana na mpangilio wa kurasa. Zinahusu kile ambacho sheria yenyewe inakiona kuwa muhimu na jedwali halikioni.

Asili ya ripoti ni mabishano marefu. Mwaka 1928, katika kesi ya Olmstead iliyohusu biashara ya pombe haramu mjini Seattle, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kutega waya wa simu nje ya nyumba ya mtu si upekuzi, kwa kuwa hakuna askari aliyevuka kizingiti chake. Msimamo huo uliishi karibu miaka 40. Mwaka 1967 mahakama hiyohiyo iliugeuza kwa hukumu mbili: katika kesi ya Berger ilibatilisha sheria ya jimbo la New York iliyoruhusu watu wasikilizwe kwa miezi miwili mfululizo bila kubainishwa mazungumzo yanayotafutwa, na katika kesi ya Katz ikasema kwamba mtu aliyejifungia katika kibanda cha simu cha umma mjini Los Angeles alikuwa na haki ya kutarajia faragha, hata kama chombo cha FBI kilikuwa kimebandikwa upande wa nje. Kongresi ilijibu mwaka uliofuata kwa kutunga sheria ambayo Sehemu yake ya Tatu ndiyo inayotawala unasaji hadi leo, na humo ndimo lilimowekwa sharti la kutoa hesabu: kwa tarehe za sasa, majaji wapeleke taarifa zao mwezi Januari, waendesha mashtaka mwezi Machi, na Ofisi ya Utawala iwasilishe ripoti kwa Kongresi mwezi Juni.

Kwa mtu anayeifungua mara ya kwanza, sehemu ya juu ni maelezo mafupi yanayosomeka bila taabu, kisha yanafuata majedwali ya muhtasari, kisha viambatisho virefu ambavyo kila mstari wake ni amri moja: jaji aliyeitoa, mwendesha mashtaka aliyeiomba, kosa linalochunguzwa, aina ya chombo kilichotegwa, siku zilizoruhusiwa, siku zilizotumika, idadi ya watu waliosikilizwa, idadi ya mazungumzo, gharama, na watu waliokamatwa. Toleo la mwaka 2015 ndilo ninalopenda kumwonyesha mtu mgeni, kwa sababu namba zake ni kubwa na zinajieleza: amri 4,148 ziliidhinishwa mwaka huo, 1,403 za shirikisho na 2,745 za majimbo, asilimia 79 zilihusu dawa za kulevya kama kosa zito zaidi, asilimia 96 zililenga vifaa vya mkononi, na hakuna ombi hata moja lililoripotiwa kukataliwa. Viambatisho vinapakuliwa kama faili za jedwali, jambo linalomwokoa mtu kuhesabu kwa kidole.

Msomaji ajue pia ni nini hakimo. Unasaji wa kijasusi unaoruhusiwa na mahakama maalumu ya usalama wa taifa hauhesabiwi. Mazungumzo yaliyorekodiwa kwa ridhaa ya mmoja wa wazungumzaji, yaani yule mtoa habari aliyefungwa kinasa sauti kifuani, hayahesabiwi. Vyombo vinavyoandika namba zilizopigwa bila kusikiliza maneno navyo havihesabiwi. Kwa hiyo anayechukua jumla ya mwaka na kusema kwamba hivyo ndivyo serikali inavyosikiliza watu atakuwa amechukua kikombe akakiita kisima.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ile ya kupinga kibali. Sheria ya mwaka 1968 inampa mtu aliyenaswa, au ambaye unasaji ulimlenga, njia tatu za kuomba ushahidi uondolewe kesini: kwamba mazungumzo yalinaswa kinyume cha sheria, kwamba amri ya jaji ina upungufu unaoonekana kwenye maandishi yake yenyewe, au kwamba wapelelezi hawakuifuata amri walivyoamriwa. Maneno ni machache, lakini mahakama zimeyachambua kwa nusu karne, na uchambuzi huo hauendi kila mara pale ambapo mtu wa kawaida angetarajia.

Mfano bora ni hukumu mbili zilizotolewa siku moja, tarehe 13 Mei 1974. Sheria inasema kwamba ombi la shirikisho ni lazima liidhinishwe na Mwanasheria Mkuu mwenyewe au msaidizi wake wa ngazi ya juu aliyeteuliwa mahususi. Katika kesi ya Giordano, iliyotoka Maryland na kuhusu dawa za kulevya, ilidhihirika kwamba aliyeidhinisha hakuwa Mwanasheria Mkuu John Mitchell wala msaidizi huyo, bali msaidizi mtendaji wa ofisi ya Mitchell aliyetia herufi za jina la mkuu wake kwenye karatasi. Mahakama ya Juu ilikataa ushahidi, kwa hoja kwamba Kongresi ilitaka uamuzi mzito kama huo ufanywe na mtu ambaye umma unaweza kumwajibisha, na kwamba kumruka mtu huyo ni kuliruka sharti lililo katikati ya sheria yote. Katika kesi ya Chavez, Mitchell alikuwa ameidhinisha kweli, ila karatasi zilimtaja msaidizi wake kwa makosa. Hapo ushahidi ulipokelewa. Jina lisilo sahihi lilisamehewa; kukosekana kwa mtu mwenye mamlaka hakukusamehewa. Mawakili wengi wanaonipa kazi huzitaja kesi hizi mbili pamoja kama mapacha, na nadhani wako sahihi, kwa kuwa karibu kila ubishi wa kiutaratibu uliofuata ni ubishi kuhusu kosa la serikali katika kesi fulani linafanana na pacha yupi.

Kesi ya Dahda ya mwaka 2018 ni mtoto wa pacha wa pili, Chavez. Jaji wa wilaya ya shirikisho ya Kansas alitoa amri tisa katika uchunguzi wa mtandao wa kuuza bangi, na ndani yake kukawa na sentensi iliyoruhusu simu zinaswe hata nje ya eneo la mamlaka yake. Washtakiwa walisema amri zina upungufu unaoonekana waziwazi. Majaji wote 8 walioshiriki walisema hapana: sentensi hiyo ilikuwa ya ziada, ukiifuta amri inabaki kamili na halali kwa eneo lake, na yale yaliyonaswa nje ya eneo upande wa mashtaka haukuyatumia kesini. Mimi si mwanasheria, lakini hukumu hiyo ilinifundisha kusoma amri kama mshonaji anavyokagua vazi: nguo yenye kipande kilichozidi bado inavalika, iliyopungukiwa na mkono haivaliki.

Ripoti inasema nini kuhusu haya yote? Ina safu ya maombi ya kuondoa ushahidi, yakigawanywa katika yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na yanayosubiri. Hapo ndipo mtumiaji wa upande wa utetezi huvutiwa, na hapo ndipo anapovunjika moyo. Safu haisemi ombi lilijengwa juu ya njia ipi kati ya zile tatu. Haisemi kama lilikataliwa kwa sababu halikuwa na uzito au kwa sababu mshtakiwa hakuwa miongoni mwa walionaswa na hivyo hakuwa na haki ya kulileta. Aidha, kesi za jinai huchukua muda, kwa hiyo mwaka ambao amri ilitolewa si mwaka ambao ombi la kuipinga linasikilizwa. Matokeo huja baadaye katika taarifa za nyongeza za waendesha mashtaka, na anayetaka kufuatilia amri moja tangu kutegwa hadi hukumu atalazimika kufungua matoleo ya miaka mitatu au minne na kuyalinganisha mstari kwa mstari. Safu nzima inajazwa na waendesha mashtaka, na hao ndio walioshinda au kushindwa katika ombi hilo. Sisemi kwamba wanadanganya. Nasema kwamba anayejaza fomu ya mechi si refa.

Kuna safu nyingine inayonikera zaidi kwa sababu inapotosha kwa upole. Ni ile inayoonyesha ni mazungumzo mangapi kati ya yaliyonaswa yalihusu uhalifu. Sheria inawataka wapelelezi wapunguze usikilizaji wa yasiyowahusu: mke anapouliza kama chumvi imebaki, wazime. Kijana aliyetoka chuo cha sheria akiona kwamba katika amri fulani mazungumzo ya kihalifu ni machache sana, atakimbilia kuandika ombi akidhani ameshika hoja. Lakini mwaka 1978, katika kesi ya Scott, maafisa mjini Washington walikuwa wamesikiliza takriban simu zote kwa mwezi mzima, na asilimia 40 tu zilihusu dawa za kulevya. Mahakama ya Juu ilisema asilimia peke yake haiamui, kinachopimwa ni kama mwenendo wa maafisa ulikuwa wa busara ukitazamwa kwa mazingira yake, kwa sababu simu nyingine ni fupi mno, nyingine ni za mafumbo, na nyingine haziwezi kujulikana ni za nini kabla hazijaisha. Ripoti inatoa asilimia bila mazingira, na si kosa la mwandishi wake, kwa kuwa hicho ndicho Kongresi ilichoomba. Hata hivyo neno moja la tahadhari chini ya jedwali lingewaokoa watu muda.

Vivyo hivyo kuhusu ulazima. Kabla jaji hajatia saini, ni lazima aelezwe kwa kiapo kwamba njia za kawaida za upelelezi zilijaribiwa zikashindwa, au kwamba zikijaribiwa hazitafaa au zitahatarisha watu. Kwa maoni yangu hapa ndipo ubishi wenye damu unapofanyika siku hizi, na kesi inayoeleza vizuri ni ya Raj Rajaratnam, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Galleon, aliyeshtakiwa kwa biashara ya hisa kwa kutumia habari za ndani. Hati ya kiapo iliyoombea simu yake inaswe mwaka 2008 haikueleza kwamba tume inayosimamia masoko ya mitaji ilikuwa tayari ikimchunguza kwa kukusanya nyaraka na kuhoji watu. Jaji wa kesi alilaumu ukimya huo vikali, akauita upuuzaji wa wazi, lakini akakataa kuuondoa ushahidi kwa kuwa hata habari hiyo ingewekwa, kibali kingetolewa. Mahakama ya rufaa mwaka 2013 ilikuwa mpole zaidi kwa serikali na ikaiacha hukumu ya kumtia hatiani isimame. Wakili anayesoma ripoti ya mwaka ule ataona gharama, siku na idadi ya watu. Kile kilichobishaniwa, yaani sentensi ambazo hazikuandikwa, hatakiona, na wala jedwali haliwezi kukibeba.

Kufikia hapa msomaji anaweza kujiuliza hizo nyota tatu zimetoka wapi. Zimetoka Riverside.

Riverside ni kaunti iliyo mashariki ya Los Angeles. Katika toleo la mwaka 2014, lililoonyesha amri 3,554 kwa nchi nzima, kaunti hiyo moja ilikuwa na zaidi ya 600, karibu zote zikiwa zimetiwa saini na jaji mmoja wa mahakama ya jimbo. Yaani takriban amri moja kati ya kila sita za Marekani yote ilipitia mezani kwa mtu mmoja katika mji ambao wengi wetu tusingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Hakuna mpelelezi wa siri aliyehitajika kuligundua hilo. Liko kwenye kiambatisho, mstari juu ya mstari, jina la jaji likijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Waandishi wa gazeti la USA Today na la The Desert Sun waliifuata namba hiyo mwaka 2015, wakaripoti kwamba simu nyingi zilitegwa kwa ajili ya uchunguzi wa maafisa wa shirikisho wa dawa za kulevya waliopendelea mahakama ya jimbo, na kwamba mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti alikuwa amewaachia wasaidizi wake kazi ya kuidhinisha maombi.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililowaamsha mawakili wa utetezi. Kwa upande wa majimbo, sheria ya shirikisho inamtaka mwendesha mashtaka mkuu wa eneo husika ndiye aombe, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo California imo chini yake, ilikuwa imekwisha kueleza katika kesi ya kaunti jirani ya San Bernardino kwamba akiwa hayupo, anayeomba ni lazima awe amekaimu nafasi yake yote kwa kweli, si msaidizi aliyekabidhiwa kazi ya kusaini maombi ya unasaji pekee. Ni Giordano amerudi akiwa amevaa nguo za California. Maombi ya kupinga ushahidi wa Riverside yakaanza kuonekana katika mahakama za mbali na kaunti hiyo, kwa sababu dawa husafirishwa na washtakiwa hukamatwa popote. Katika toleo la mwaka 2016 jumla ya nchi nzima ilishuka hadi 3,168, na kushuka huko kote kulikuwa upande wa majimbo. Kwa thamani hiyo peke yake, ripoti inastahili heshima: wakili mmoja akitazama kesi moja asingeweza kuona kwamba kibali cha mteja wake ni kimoja kati ya mamia yaliyopita mlango uleule.

Kuhusu ile sifuri ya maombi yaliyokataliwa mwaka 2015, na lile moja tu lililokataliwa mwaka 2014, nina maoni mawili yasiyopatana. La kwanza ni kwamba ombi la shirikisho hupitia ofisi maalumu ya Wizara ya Sheria kabla ya kufika kwa jaji, na jaji asiyeridhika anaweza kulirudisha lirekebishwe pasipo kuandika kwamba amelikataa. La pili ni kwamba maelfu ya maombi kwa mwaka bila kukataliwa hata moja ni jambo ambalo wakili wa utetezi ana haki ya kumkumbusha jaji anapoambiwa kwamba kibali kilichunguzwa kwa makini kabla ya kutolewa. Ripoti haisaidii kuchagua kati ya hayo mawili, kwa kuwa haina safu ya maombi yaliyorudishwa.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wataona umbo wanalolifahamu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012 kinamruhusu afisa wa polisi wa cheo cha mkaguzi mkuu au zaidi kuomba amri ya unasaji bila upande wa pili kuwapo, baada ya kupata ridhaa ya maandishi ya Inspekta Jenerali au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo inataka ridhaa ya Mwanasheria Mkuu. Swali la Giordano, nani hasa aliyeridhia, linaweza kuulizwa chini ya sheria zote mbili, na katika Katiba ya Kenya linakutana na Ibara ya 50(4) inayomtaka jaji aukatae ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki endapo kuupokea kutaiharibu kesi.

Kwa matumizi ya kila siku, ushauri wangu ni mfupi: anza na viambatisho na uache muhtasari hadi mwisho, panga faili kwa jina la jaji, kisha kwa mwendesha mashtaka, linganisha siku zilizoruhusiwa na zilizotumika, na usiinukuu asilimia yoyote mahakamani kabla ya kuisoma hukumu ya Scott. Usitafute humo habari za lakiri. Sheria inataka kanda zipelekwe kwa jaji na kutiwa lakiri mara tu muda wa amri unapokwisha, na tangu kesi ya Ojeda Rios ya mwaka 1990 serikali iliyochelewa ni lazima itoe maelezo ya kuridhisha, lakini tarehe ya lakiri haimo kwenye jedwali lolote. Itabidi ulitafute faili la kesi yenyewe.

Ninalo lalamiko moja la mwisho, nalo ni la taaluma yangu. Tangu mwaka 2000 sheria inataka ripoti ieleze ni mara ngapi wapelelezi walikutana na mawasiliano yaliyofungwa kwa msimbo wa kompyuta, na kama waliweza kuyafungua. Lakini tangu mwaka 1986 sheria hiyohiyo imesema kwamba mazungumzo yakiwa katika lugha ya kigeni na mtaalamu wa lugha hiyo hapatikani kwa urahisi wakati wa unasaji, basi kila kitu kinaweza kurekodiwa kwanza na kuchujwa baadaye. Maana yake ni kwamba familia inayozungumza Kiswahili husikilizwa yote, pamoja na salamu zake ndefu, habari za wagonjwa na michango ya harusi, hadi mtu kama mimi apatikane. Kama mtaalamu kweli hakupatikana, au hakutafutwa, ni swali ambalo wakili anaweza kulijengea ombi zima. Kwenye ripoti kuna safu ya msimbo wa kompyuta. Safu ya lugha hakuna.